Kioo cha Euralise

Saa saba za usiku, Soufrière.
Mvua imekwisha lakini bati bado linadondoka,
na Euralise Joncaille anashona gauni la harusi
la binti wa mwenye duka la mikate.
Satini mita sita, nyeupe, ya mkopo.
Jumamosi imeshakohoa mlangoni.

Ukutani, kando ya taa, yupo yule.
Rangi ya uji uliochacha, macho yasiyo na kope.
Analamba jicho la kushoto, kisha la kulia,
kama fundi anavyolainisha uzi
kabla ya kuupitisha tunduni.
Euralise hamtazami. Anamhesabia tu:
tangu juzi, nondo kumi na wawili, mende mmoja.
Mbu aliacha kuwahesabu.

Hapa humwita mabuya, jina la pepo.
Visiwa vya jirani humwita mtumwa wa mti.
Na kwetu (nilicheka peke yangu nilipokumbuka,
mimi mpangaji wa chumba cha nyuma)
ni mjusi kafiri,
ingawa sijamsikia hata siku moja akikana kitu.
Eti jadi yake alipuliza moto wa Nabii Ibrahimu.
Pumzi gani,
katika kifua kipana kama ukucha?

Mara, tap. Begani.

Hakupiga kelele. Mama yake alimfundisha:
mabuya akikushika habanduki
mpaka umguse kwa pasi ya moto,
au umwonyeshe kioo
aione sura yake, aone haya, aende zake.
Pasi ilikuwa palepale, mkono wa kulia, imeshika moto.
Kioo cha wateja kilisimama kushoto.

Nilikuwa mlangoni na kikombe cha maji.
Nilimwona akipima
kama apimavyo kiuno cha mtu:
bega, pasi. Bega, kioo.
Akageukia kushoto.

Wakajiona wote wawili.
Yeye na miaka yake sitini na mmoja, pini tatu mdomoni;
na huyo kwenye ukosi, vidole vimetanuka,
moyo ukidunda waziwazi chini ya ngozi
kama kibatari ndani ya karatasi ya mafuta.
Hakuna aliyeona haya.

Kisha nondo akaufuata mwanga kwenye kioo.
Mabuya akaruka, akamkosa, akajigonga usoni mwake mwenyewe,
akaangukia satini, akaacha mkia,
akayeyukia chini ya kabati.

Mkia ulibaki ukicheza juu ya weupe,
peke yake, juu chini, juu chini,
kama sindano ya cherehani
ambayo haijaambiwa kuwa kazi imekwisha.

Euralise alitemea pini kiganjani.
"Bibi harusi asijue," alininong'oneza kwa Kikrioli.
Akauchukua mkia kwa kipande cha gazeti,
akafungua dirisha, akasita,
akaurudisha na kuuweka chini ya kabati.

Doa lilikuwa dogo, punje ya mtama.
Alilishonea ushanga.

Jumamosi, kanisani, niliutafuta.
Shanga zilikuwa mia na kitu.
Sikuuona.