Kidole cha Shahada

Saa kumi na robo, alfajiri ya Miraj.
Treni ya mizigo yapita, vikombe vyagongana kabatini,
na Indumati Kelkar, karani mstaafu wa tiketi,
anakunja miguu mkekani, goti moja likilia ka!
kama bawaba kavu.

So, akivuta pumzi.
Ham, akiitoa.
Basi. Hayo tu alipewa na mwalimu wake,
bibi mfupi wa Sangli auzaye pia achari ya ndimu,
aliyemwonya: akili usiifukuze,
ni mbwa wa jirani; ukimrushia jiwe
atadhani mnacheza.

Mkononi, mbegu mia na nane za rudraksha,
ngumu, zenye makunyanzi.
Gumba huvuta, kidole cha kati hupokea.
Kidole cha shahada hakitakiwi.
Kimesimama pembeni, kimenyooka,
kama mgeni asiyepewa kiti.

Miaka thelathini na moja kilifanya kazi hicho:
kililoweshwa kwenye sifongo, kikahesabu noti,
kikasukuma tiketi chini ya wavu wa chuma,
Kolhapur, Pune, Hubli, wawili na mtoto nusu.

So.
    Wapi? yauliza akili.
Ham.
    Kwenda tu, au na kurudi?
So.
    Sogeeni, mstari usonge!
Ham,
    hamu iliyokatwa mkia.

Bombani maji yanadondoka.
Chururu si ndo ndo ndo,
lakini leo ni ndo,
ndo,
na ndoo haijai.

Mbegu ya arobaini.
Hapa ndipo hujikwaa kila siku.
Rupia arobaini zilipungua kwenye droo, jioni ya mvua,
naye hakusema neno; aliinua kidole tu,
hicho hicho, kumwelekea Gajanan mfagizi,
miaka kumi na tisa, aliyeimba kwa puani
na kuchania nywele kwenye kioo cha saa ya ukutani.
Walimtoa kabla treni ya saa mbili haijaingia.
Sisi husema kidole cha shahada.
Siku ile kilishuhudia.

Wiki mbili baadaye, kwenye mwanya nyuma ya droo:
noti nne za kumi kumi, zimejikunja,
na mende mmoja juu yake kama mlinzi.
Akaziingiza kwenye hesabu. Vitabu vikalingana.
Akaenda kunywa chai.

Aliijia mantra akitafuta usingizi.
Alidhani utulivu ni blanketi.
Kumbe ni maji ya kisima:
yakitulia, tope hushuka,
na kilichotupwa chini chaonekana,
kijiko, pete, kisu.

So. Ham. Mbegu ya mia. Mia na tano.
Ile kubwa ya mwisho haivukwi;
ukiifikia wageuza, urudi ulikotoka.
Hili halikumhitaji mwalimu.
Amewaona maelfu ya mara wakiihamisha injini,
kichwa kikawa mkia,
na abiria wageni wakipiga kelele
kwamba wanarudishwa kwao.

So

ham

Mbwa wa jirani amelala kizingitini.
Si kimya kirefu: pumzi tatu, labda nne,
kisha jiko la mvuke la ghorofa ya juu
likapiga filimbi.

Anavaa sari ya kijani, ile ya kazini.
Kwenye dirisha lake la zamani yupo kijana na kompyuta
asiyemjua wala kuinua macho.
Wapi?
Kurduvadi.
(Walisema alihamia huko, anauza kandambili.
Walisema. Miaka mingi iliyopita.)
Kwenda tu, au na kurudi?

Kidole chake kimeegemea kioo,
kimeacha alama ndogo ya mvuke.
Hakijui kitabisha mlango gani,
wala kama kuna mtu ndani.

Kwenda, anasema.
Ya kurudi nitakata huko huko.