Mpaka

Ng'ombe analia tangu alfajiri.
Mama anamsikiliza
kama mtu asikilizaye redio ya nyumba ya pili.
Ndoo ipo. Majani ya mgomba yamekatwa, yapo.
Na yeye yupo, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango,
mikono imewekwa mapajani
kama vitu vilivyorudishwa na mtu aliyeviazima.

Huyu ndiye Ndeshihuka wa Kidia
aliyemshtaki jirani kwa hatua moja na nusu.
Hatua za nani? balozi aliuliza.
Zangu, akasema, akazipima mbele ya baraza zima,
khanga kibwebwe, tope la masika magotini.
Miaka thelathini na nane
mzee Kaanaeli anasogeza masale usiku,
mama anayang'oa asubuhi, anayarudisha palepale
akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya matusi.
Mimi nilijifunza kuhesabu kwa masale hayo.

Nilidhani amenuna.
Nsia akapiga simu toka Dodoma, anataka amwone sura.
Mama, umekasirika?
Hapana.
Una huzuni?
Hapana.
Basi unataka nini, mama?
Kuku akapita. Tukamtazama kuku.
Simu ikazimika chaji.

Kule KCMC daktari, binti mdogo wa kuweza kuwa mwanangu,
alivuta kiti akakaa upande wangu wa meza.
Si uvivu, alisema. Si kiburi. Wala si kwamba hawapendi.
Kuna mahali kichwani panapomwasha mtu,
pamepoa.
Usimngoje atake. Mwanzishie.

Basi tangu hapo mimi ni mwanzo wake.
Naingiza mkono mmoja kwenye sweta, wa pili unaingia wenyewe.
Namenya ndizi moja ya mtori, namkabidhi kisu,
zinamenywa zote, ganda jembamba lisilokatika,
vidole vinajua
na yeye hajali kama vinajua.
Siku nyingine sianzi.
Mwezi wa tano nilimwekea chai, nikaiacha ipoe mpaka jioni
nione kama ataomba.
Hakuomba.
Hilo sijamwambia Nsia.

Mvua zilipokolea Kaanaeli akasogeza masale, hatua moja.
Akangoja.
Akasogeza ya pili. Akangoja.
Ya tatu ikaumeza mbuni alioupanda mama
mwaka aliomzika baba.
Kimya.

Jumapili akapanda kwetu, kofia mkononi,
suti ya ibada bado imemvaa.
Hajaona? akaniuliza.
Ameona. Nilimpeleka, nikamwonesha.
Akasemaje?
Hakusema.
Akachuchumaa mbele ya kile kiti, kwa shida, magoti yanalia,
akamwambia kwa Kimochi, taratibu, kama anayeungama:
nimekula shamba lako, hatua tatu.
Mama akamtazama vile mtu atazamavyo mvua
inayowanyeshea watu wa ng'ambo.

Mzee akakasirika.
Nitukane! akapiga kelele, mpaka mbwa akaamka.
Nitukane, mama Nsia, niite mwizi, niite fisi,
ulikuwa ukiniita!
Mate yakamtoka. Akajifuta kwa kofia.
Mama akasogeza mguu kidogo
kwa sababu jua lilikuwa limefika hapo.

Asubuhi nilimkuta peke yake kwenye matope,
masale yamelala chini, jembe limesimama.
Alikuwa akipima.
Si kwa hatua zake, mzee yule mrefu,
bali fupifupi, za kike, kisigino kwenye kidole,
moja, na nusu,
akikosea, akirudi kwenye mbuni, akianza upya.
Hakuniamkia.

Jani moja alikuwa amelipiga fundo,
akaja kuliweka mapajani mwa mama, kama desturi inavyotaka,
kwamba anayepewa sale hakatai.
Hakukataa. Hakupokea.
Lilikaa hapo kutwa, kijani juu ya khanga,
ng'ombe akanyamaza, giza likaingia.

Nikashika ncha ya fundo, nikaanza kulifungua,
nikaachia.
Nangoja.