Sekunde Kumi na Moja

Mwaka huu tulipewa sauti badala ya kitabu.
Kadi ndogo kama ukucha wa mtoto,
ikapita simu hadi simu, darasa zima,
na Profesa Murhula akasema: msiandike chochote,
nendeni mkasikilize mkitembea.

Nilitembea. Kutoka Nyawera kupanda Kadutu
mlima unakudai pumzi bila kukupa risiti,
tope la usiku limeng'ang'ania viatu,
nami nasikia kwa sikio moja tu,
maana kisikizio cha kulia kilikufa tangu Pasaka.

Kipindi cha tatu. Mvua, wodi ya wazazi.
Mama amejifungua, mtoto amelia, watu wamecheka.
Kisha mkunga, sauti imetulia kama ya mtu anayehesabu chenji:
"Dokta, kitenge hiki ni cha tatu kulowa."
Daktari: "Faili nimeshaliona."
Fundi wa maabara, akikumbuka:
"Kundi la damu yake nilikuwa nalo mkononi tangu saa mbili.
Hakuna aliyeniuliza. Nami sikupanda ngazi.
Mimi nani, nipande ngazi?"
Mfamasia: "Sindano ilikuwepo.
Ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwangu."

Halafu kimya.

Nilidhani simu imezima. Nikasimama
mbele ya mama muuza makaa, nikaipiga kofi.
Akaniambia: "We dokta, moto hauwaki kwa kupigwa."
Nikatazama kioo. Namba zilikuwa zinatembea.
Saba. Nane. Tisa.
Hawakukikata kile kimya. Wangeweza.
Walikiacha mle ndani kama kiti cha mgeni
ambaye chakula kinapoa na yeye hajafika.
Kumi. Kumi na moja.

Ndipo sauti ya mwisho, Kiswahili cha Bagira, pumzi fupi:
"Mimi kazi yangu ni kudeki.
Lakini ndoo yangu ilikuwa nyekundu mara mbili.
Nikapiga kelele. Hapo ndipo walipogeuka,
kwanza kunitazama mimi, halafu kutazama sakafu."

Mama yule alipona. Kipindi kinasema hivyo kwa nusu sentensi,
kisha kinarudi kwenye ndoo.

Sauti ile niliijua.
Si kwa jina. Niliijua kwa "pole" yake
kila asubuhi ninapokanyaga sakafu yake mbichi
na kupita zangu, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni.

Nilimsikilizisha Cibalonza wa uuguzi,
umeme umekatika, tumeketi kwenye ngazi za nyuma,
kisikizio kizima nimempa yeye.
Nilingoja ashtuke. Alicheka, akakitoa sikioni.
"Nyinyi ndio mmehitaji kadi," akasema.
"Sisi tunakisikia hicho kimya kila zamu."

Asubuhi nilifika kabla ya wakubwa.
Alikuwa anakamua deki. Nilikuwa nimeandaa maneno makubwa njia nzima,
yakaisha yote pale mlangoni.
"Unaitwa nani?"
Alinitazama kama mtu anayedaiwa kodi ya mwaka jana.
"Nankafu. Nina miaka tisa hapa."
Akaongeza: "Zunguka kule. Huku bado kumelowa."
Nikazunguka.

Kitanda cha sita, raundi.
Faili zito, mwandiko wangu mwenyewe, mistari imenyooka.
Nilimgeukia mkunga, na kijana wa maabara aliyekuja na majibu,
na yule wa mlangoni mwenye ndoo.
Nikauliza: "Kuna nini mmekiona ambacho hakimo humu?"

Mkuu wa wodi akatazama saa.
Nikahesabu moyoni. Mbili. Tatu.
Sikujua kama sekunde ina urefu huo.
Nne. Tano. Jasho mgongoni.
Sita, na ulimi wangu ukawahi,
nikakijaza kimya kwa jina la dawa,
jina refu, zuri, la kitabuni,
na kwa pembe ya jicho nikaona
mdomo wa Nankafu, uliokwisha kufunguka, unafungwa.

Kesho nitajaribu saba.