Mfuko wa Ndani

Tuko kumi na mmoja kichochoroni hapa Kadutu,
na sote hushona vitenge vilevile,
lakini usiseme tunauza kitu kimoja.
Zihindula ana mikono ya puto.
Mama Nsimire hupinda shingo ya gauni
hadi ikakaa kama ukingo wa sahani.
Mimi, uliza, mimi ni mfuko wa ndani,
ule wa ubavuni, usioonekana:
wanawake wa sokoni huufuata kutoka Panzi
wapate pa kulaza noti zao.

Kwa mfuko huo naongeza franka elfu mbili.
Nilijaribu nne.
Jumatatu wakanung'unika. Jumatano
nikawaona kwa Zihindula, miguu wameinyoosha,
wanakunywa maji yake.
Wawili tu walibaki kwangu.
Nguvu yangu ina urefu wa sindano.

Na nilipoanza kunenepa kidogo
akaja binti wa Bagira na cherehani cha mkopo,
akafumua gauni la mteja wangu,
akausoma mfuko kama mtu asomaye barua.
Leo anaushona. Nani angemzuia?
Kichochoro hakina mlango.

Sasa tazama juu, ule waya.
Mwenye waya ni mmoja.
Umeme ukikatika pasi hupoa juu ya kola,
bili yenyewe haipoi.
Nikaenda dirishani kwao, nikamwambia karani:
basi, nahamia kwa mwenzenu.
Hakukasirika. Alicheka polepole.
«Kwa mwenzetu yupi, mama?»
Kiti cha mteja hawana. Cha nini?

Mwanangu asomaye uchumi ana majina:
ule waya ni ukiritimba,
ninyi ni ushindani wa kiukiritimba.
Nikamuuliza, na hilo neno la kwao
limeingiaje kwenye jina letu?
Akafungua daftari. Mimi nikanyamaza,
maana nilijua.

Wiki ile ya misiba
uzi mweusi uliisha Kadutu nzima,
nami nilikuwa na maboksi sita chini ya kitanda.
Nilidai mara mbili. Wakalipa.
Nilidai mara tatu. Wakalipa, macho chini.
Kigoda nilikiingiza ndani.
Sikumpa mtu maji.

Siku ya tisa lori likafika kutoka Uvira.
Nikasikia cherehani cha Zihindula
kikikohoa, kikashika mwendo.
Nikakaa kidogo.
Halafu nikatoa kigoda nje,
nikakipangusa.