Meno

Saa tisa usiku, vibanda vya mitumba vinawaka Malaba.
Gari letu la Tororo limebakiwa na maji ya dakika nne.
Nilizihesabu.

Sajini Nyapendi akapiga simu ng'ambo.
Hakusalimia.
"Mnauona?"
"Tumeshatoka."

Afisa wa forodha akainua kizuizi
bila muhuri, bila kuuliza jina,
kalamu ingali sikioni.

Mpira wao ukakataa bomba letu:
meno yao mapana, yetu membamba.
Emojong wa bodaboda ya baiskeli
akachomoa tyubu ya gurudumu la nyuma,
akazungusha, akakaza
kwa meno yake mwenyewe.

Yalivuja, ndiyo. Tulilowa hadi magotini.
Yakapanda.

Kulipokucha wageni walirudi kwao na masizi yetu.
Emojong akasukuma baiskeli, rimu ikilia lamini.