Pampu ya Handali

Mwezi wa kumi, Handali, vumbi limelala hata kwenye kope,
na sisi bado tunabishania maji:
paji la uso latosha, alisema Katekista Mbogoni;
mwili mzima, akajibu Mchungaji Chilewa,
kama Yordani.
Yordani gani, Mchungaji? Ndoo moja shilingi mia tano,
na punda wa Mama Lechipya hajarudi tangu juzi.

Pampu ilikufa Jumamosi.
Spana ilitoka kwa Waanglikana,
bomba za akiba zilikuwa parokiani,
kamba ya Wapentekoste, ile ya turubai la mkutano,
na fundi, Nhonya, ni Msabato.
Tulimkuta mlangoni, Biblia kwapani.
Akatutazama. Akazitazama ndoo, muda mrefu zaidi.
“Ng'ombe akitumbukia kisimani,” akasema,
“Bwana alishatoa ruhusa,”
akakunja mikono ya shati jeupe la ibada.

Tukavuta. Bomba kwa bomba, futi mia na ishirini,
na hakuna aliyeuliza mkono ulioshika kamba nyuma yake
ulibatizwa wapi.

Alasiri pampu ikakohoa,
maji mekundu kwanza, halafu meupe.
Kikombe kilikuwa kimoja, cha plastiki, kimekatika mkono;
kilianza kwa mtoto wa Mchiwa, kikazunguka,
Mchungaji akanywea pale alipoachia Katekista.

Sitasema tumepatana.
Jana tu nimewasikia tena, paji, mwili, paji,
wamekaa juu ya zege la kisima,
miguu yote minne imelowa.