Chumba cha Nne

Ramani niliichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya kanisa,
kwa rula ya Shinje ya darasa la tano,
usiku umeme ulipokatika Kirumba
na dagaa wangu wako turubaini, hawajakauka.
Vyumba vinne. Sebule. Jiko la nje.
Dirisha la chumba cha nne lilitazama ziwa,
maana mama yangu, Holo, ni mtu wa Kayenze,
hajapata kulala usingizi mzuri pasipo kusikia maji.

Chini kabisa niliandika: Desemba, tumehamia.
Kisha nikapiga magoti, nikamwonyesha Mungu karatasi
kama mtu aliyepeleka fomu ikagongwe mhuri.

Kiwanja kiko Bugarika, juu, gari halifiki.
Mchanga ulipanda kwa vichwa vya vijana,
saruji kwa migongo, mfuko kwa mfuko.
Siku ya tatu sururu ya fundi Lushinge ikalia.
Haikuwa sauti ya udongo. Ilikuwa kengele.
"Mama Shinje," akasema, "humu chini kuna mwenyeji."

Wiki mbili tulimchimba mwenyeji huyo.
Kila tulipodhani tumefika ukingoni
mgongo wake ukaendelea, kama wa kiboko.
Tukamwashia magogo na matairi chakavu,
tukammwagia maji ya madumu ya kununua;
akatoa ufa mmoja, mwembamba kama unywele,
akanyamaza.
Fedha ya kikoba ikapaa na ule moshi.

Nilisali vibaya siku zile, niseme ukweli.
Nilimuuliza: Karatasi hukuiona?
Mlima mzima mawe yako yamekaa juu, peupe,
watoto wanayaanikia sare za shule,
na hili moja ukalificha chini ya chumba cha mama yangu?
Ziwa lilikuwa limelala kule chini, jeupe, halina habari.
Meli ya Nansio ikapiga honi.

Mama alifariki mwezi wa nane, alfajiri,
kabla bati la kwanza halijapigwa msumari.
Mama mchungaji akaja na sukari kilo mbili, akanishika bega:
"Umeona? Bwana alijua chumba hakitahitajika."
Nikamwomba anyamaze.
Nilimwomba kwa adabu, lakini nilimwomba.
Mungu ninayemwamini haui mama wa mtu
ili hesabu ya vyumba itimie.

Nyumba ina vyumba vitatu na jiwe.
Lushinge aliuzungusha ukuta, akaliacha ndani,
sakafu ikalipanda kidogo pembeni
kama kanga juu ya goti.
Septemba, bati likichemka, pale tu ndipo pana ubaridi.
Shinje hulala kifudifudi juu yake akifanya hesabu.
Mimi hukaa saa kumi na moja, kabla ya soko,
na dirisha liko pale pale nililolichora,
na upepo ukiwa wa ziwani
maji yanasikika hata huku juu.

Sijapewa sababu. Nilidhani nitapewa, kama risiti.
Nimepewa pa kukaa wakati nauliza.

Sasa nina ramani nyingine: kichanja cha kukaushia dagaa,
mimi na Nyanzala na wajane wawili wa Igombe.
Rula ni ile ile, imevunjika ncha.
Hesabu nimezipiga mara tatu;
kumtumaini Mungu hakujanifundisha uvivu wa kujumlisha.
Ila lile neno, Mungu akipenda,
zamani nililisema kama mtu anayevuta mlango
akiwa ameshatoka.
Siku hizi nalisema, kisha nangoja kidogo,
kama aliyepiga hodi
akasikia, ndani, kiti kikisogezwa.